Kengele Kando ya Sahani

Wajukuu wangu wakija likizo, kitu cha kwanza wanachokikimbilia sebuleni si televisheni. Ni kengele ndogo ya shaba iliyo juu ya kabati la vyombo, yenye mpini mweusi wa mti uliolainika kwa kushikwa. Wataipiga asubuhi, wataipiga mchana, wataipiga wakijifanya mapadri na walimu wakuu na madereva wa treni. Mama yao huziba masikio akaniuliza ninavumiliaje. Mimi huketi tu nikasikiliza. Mlio wake ni mwembamba na safi, na ukinifikia sikioni, pua yangu inanusa wanga unaounguzwa kidogo na pasi ya makaa, kisha maziwa yaliyochemshwa na mdalasini, na hapo naiona nyumba yetu ya Kabazi, na baba yangu akiwa amesimama.

Baba alikuwa mpishi. Alianza kazi hiyo akiwa kijana katika shamba la mzungu mmoja hapo hapo Kabazi, akaendelea nayo mpaka Bwana na Memsahib wake walipofunga masanduku na kwenda zao baada ya Uhuru. Shamba likakatwa vipande, na baba akapata kipande chake kama wenzake. Tukapanda mahindi na viazi, mama akapanda pareto, na ng'ombe wa maziwa akafungwa nyuma ya ua wa kayaba. Majirani hawakuacha kumwita Mpishi, naye hakujali. Lakini sufuria hakuigusa tena. Jiko lilikuwa la mama, kibanda cha mbao kilichojaa moshi na vifaranga vya kuku, na mwanamume wa siku zile kuonekana akikoroga chungu nyumbani kwake lilikuwa jambo la kuzungumzwa kutoka kwetu mpaka Subukia.

Memsahib alipoondoka alimwachia baba vitu kadhaa: sinia ya kung'aa, buli, sahani za maua ya buluu zilizomeguka kidogo kando, na kengele hii. Ilikuwa kengele ya mezani. Memsahib alipotaka supu iondolewe na nyama iletwe hakuita mtu kwa jina. Aliitikisa kengele, na baba akaja kutoka jikoni. Kwetu iliwekwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, pamoja na eproni yake nyeupe. Mama alikuwa akisema kila mara kwamba siku moja atamvisha mbuzi kengele hiyo, ili angalau ifanye kazi ya maana.

Niwaambie pia jinsi tulivyokula, maana kwangu jambo lote liko hapo. Jioni mama na wadogo zangu walikula jikoni kando ya moto. Baba alikula mezani, ndani ya nyumba, kama baba wote. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea maji ya kunawa, kisha nikaruhusiwa kukaa kando yake juu ya kigoda. Akikaribia kumaliza, alisukuma kipande cha mwisho cha nyama mpaka ukingoni mwa sahani, halafu akageuka kuitazama taa kana kwamba taa ina habari mpya. Kipande hicho kilikuwa changu. Siku nyingi hatukuwa na nyama, basi kilikuwa kiazi kilicholowa mchuzi. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati huo, lakini sijala kitu kitamu kama kile kiazi.

Kisha akaja Helen.

Nyumba ya yule mzungu wa baba ilikuwa imegeuzwa kuwa shule ya sekondari ya harambee, na kamati ilikuwa imeahidiwa mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Mwalimu huyo alikuwa ameomba akae na familia, si na wazungu wenzake kule Nakuru. Wazee wa kamati hawakuumiza vichwa. Ni nani Kabazi anayejua mambo ya wazungu? Mpishi. Jioni hiyo baba alipiga magoti akalivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda.

Helen alifika kwa pikapu ya mwenyekiti, msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu kama ndevu za mahindi mabichi na madoadoa usoni ambayo wadogo zangu walidhani ni ugonjwa. Alimshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akainama kuchukua mkoba wake, naye baba akainama kuuchukua, kila mmoja akashika kamba yake, wakavutana pale uani huku wakitabasamu, mpaka baba akashinda.

Alipewa chumba changu. Asubuhi yake, kabla ukungu haujatoka bondeni, nilimwona baba amenyoa ndevu, amevaa eproni iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe, na sinia mkononi. Alibisha mlango kwa kidole kimoja.

"Chai, Memsahib."

Ndani ikatoka sauti ya usingizi, kwa Kiswahili alichofundishwa huko kwao: "Mimi si Memsahib. Mimi Helen."

"Ndiyo, Memsahib," baba akasema, akaiweka chai.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba alijua njia moja ya kumheshimu mtu wa aina ile, na aliijua barabara. Shuka la arusi la mama likawa kitambaa cha meza, likipigwa pasi kila siku. Kitambaa cha mikono kilikunjwa kikawa ndege mwenye mkia. Jikoni mama alifukuzwa, maana baba alihitaji moto wa namna yake, wenye makaa juu ya kifuniko na makaa chini, ili nyama iokwe. Kulikuwa na supu, halafu nyama, halafu viazi vilivyopondwa na siagi, halafu maziwa mazito ya mdalasini tuliyoyalamba kwenye sufuria mpaka sufuria ikawa haihitaji kuoshwa. Kuku wa mama walianza kupungua. Walionusurika walijifunza kumkimbia baba wakimwona tu na eproni.

Na Helen aliketi peke yake mezani, mbele ya taa, na kengele kando ya sahani yake. Nyuma ya kiti chake alisimama baba, mgongo umenyooka, mikono ameikutanisha mbele ya eproni, macho yake ukutani. Kigoda changu kilikuwa kimetolewa nje ya mlango. Nilikaa hapo nikichungulia.

Siwezi kuwaeleza vizuri jinsi jambo lile lilivyoniuma. Sikuwa na maneno yake. Baba alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa na shamba, alikuwa na sauti katika mkutano wa chama cha maziwa, na watu walimsalimia wakiwa mbali. Sasa alikuwa amesimama nyumbani kwake mwenyewe, wakati mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake. Sikumchukia Helen, maana alinichekesha na alinifundisha kupiga mluzi kwa jani. Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka baba aketi.

Mama naye alikuwa na mdomo, na hakuufunga.

"Baba Nyambura, Uhuru ulipopita hapa wewe ulikuwa wapi?"

"Mama Nyambura, yule ni mgeni wangu."

"Mgeni hulishwa, sawa. Lakini kusimama ni kwa nini? Atadondoka kwenye kiti?"

"Wewe hujui mambo ya meza."

"Najua mambo ya kuku. Nimebaki na jogoo, na yeye mwenyewe hana amani."

Baba alikuwa akizitazama sahani zilizorudi. Helen hakuwa akila. Supu aliinywa nusu, nyama aliigusa tu, na maziwa ya mdalasini aliyarudisha yakiwa na tundu dogo katikati. Baba alisimama na sahani mkononi kwenye mlango wa jiko, akaonja kwa kidole, akakunja uso. "Labda ni chumvi," alisema. Kesho yake akapika vizuri zaidi, akaitia eproni wanga zaidi, na akasimama wima zaidi. Helen akazidi kupunguza kula. Kengele hakuipiga hata siku moja. Mara nyingi niliona ameifunika kwa yule ndege wa kitambaa, kana kwamba anaificha.

Alianza kukonda, na watu wakaanza kusema. Alasiri moja mwalimu mkuu alikuja akasimama na baba penye lango. Nilikuwa nakatia ng'ombe majani, nikasikia. Alisema kwa upole kwamba Misi Helen haonekani kuwa na raha, na kwamba huenda ingefaa ahamie Nakuru, kwa wamisionari, awe akiletwa kwa gari. Hakusema lolote baya. Lakini baba aliposhika lango kulifunga, mkono wake ulikosa komeo, ukakosa tena.

Nilielewa hatari ilikuwa wapi, ingawa nilikuwa mtoto. Helen akiondoka, Kabazi nzima itasema Mpishi ameshindwa kumkaribisha mgeni mmoja, yeye aliyewalisha wazungu ujana wake wote. Na asipoondoka, baba ataendelea kusimama. Usiku ule nilimwomba Mungu, kwa sababu sikuona mtu mwingine wa kumwendea.

Jumamosi iliyofuata baba alipeleka maziwa kwenye chama, na siku za Jumamosi alichelewa huko na wenzake. Mama akalichukua jiko lake. Alitutokosea viazi na maganda yake, akavimwaga kwenye ungo vikiwa vinafuka moshi, tukavizunguka. Mara mlango ukaingia giza. Ni Helen, ameinama ili asigonge kichwa.

"Hodi," alisema, ingawa alikuwa ameshaingia.

Alichuchumaa kati yetu. Akaokota kiazi, akakirusha mkono huu na mkono ule huku akikipuliza, akakimenya kwa ukucha, akakichovya kwenye chumvi, akala. Akaokota kingine. Machozi yalimtoka kwa moshi, na masizi yakamkaa shavuni, na bado alikula. Mama alikuwa ameacha kila kitu akimtazama.

"Kumbe huyu anakula!" alisema kwa Kikuyu. Kisha akageukia Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayemsemesha kiziwi. "Mwalimu! Chakula ya Baba Nyambura iko na makosa gani?"

"Hapana makosa," Helen alisema haraka. "Chakula nzuri sana. Sana."

"Basi mbona hukuli?"

Helen alitafuta maneno, na ilionekana wazi kwamba hana. Alinyanyuka. Akaunyoosha mgongo wake katikati ya moshi ule, akaikutanisha mikono mbele ya sketi yake, akatazama ukutani. Alikuwa baba yule yule. Nilicheka kwa sauti, nikidhani anamwigiza ili tucheke, na mama akanizaba kofi la paja ambalo sikulitarajia. Nilipoinua uso niliona Helen hachezi. Alikuwa ametikisa mkono hewani, kama mtu anayepiga kengele, kisha akajigusa kifuani.

"Mama yangu," alisema. "Mama yangu. Hivi. Siku zote."

Halafu akalia, na safari hii haikuwa moshi.

Mama alimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akampa kiazi kingine, akatufukuza nje. Waliyozungumza humo, kwa mikono na kwa Kiswahili cha kuungaunga, mama aliniambia nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto. Mama yake Helen alikuwa mtumishi katika nyumba kubwa ya matajiri wa huko kwao. Helen alipotoka shule alimsubiri kwenye mlango wa jiko la watu, akisikia kengele, akimwona mama yake akitoka mbio huku akijifuta mikono. Ndipo walipokula, yeye na mama yake, baada ya wenye nyumba kumaliza. Akavuka bahari kuja kuishi na watu wa kawaida kama yeye, na kila jioni akaketishwa kwenye kile kiti, na kila alipoinua kijiko aliona ni mama yake amesimama nyuma. Na kumwambia baba asisimame aliogopa, maana aliona jinsi anavyokikunja kile kitambaa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tuliporudi kanisani, baba alienda kuivaa eproni yake, akaikuta ndani ya beseni, imeloweshwa na sabuni.

"Ilikuwa chafu," mama alisema.

"Haikuwa chafu!"

"Basi sasa ni safi sana. Nenda ndani, jiko lina watu."

Baba aliingia ndani akiwa na koti lake la kanisani. Meza ilikuwa imeandaliwa, lakini vibaya, vijiko vikitazama huku na kule, na sahani zilikuwa nyingi. Kwa mazoea alienda akasimama nyuma ya kile kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Alisimama hivyo kwa muda, mikono ikitafuta eproni na kukuta vifungo vya koti. Mimi nilikuwa mlangoni na kigoda changu, nikiwa nimeambiwa na mama nisifungue mdomo.

Mama aliingia, akaichukua kengele, akamnyooshea.

"Keti," alisema. "Halafu upige."

Baba aliipokea kama alivyoipokea siku zote, kidole kimoja kikiwa ndani kuushika ulimi wake usilie. Alimtazama mama. Nilidhani atakasirika. Nilikuwa nimeubana mguu wa kigoda mpaka vidole vikauma. Halafu akavuta kiti, taratibu sana, kama mtu anayevuta kiti chenye mwenyewe ambaye anaweza kurudi wakati wowote, akaketi. Akatoa kidole. Akaitikisa mara moja.

Mlio ulitoka mdogo, lakini ulitosha. Jikoni kitu kilianguka. Helen akatoka mbio, masizi usoni, akijifuta mikono kwa kitambaa, akavuka ua na kusimama mlangoni akihema. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Alikuwa ameona ikifanywa tangu utotoni.

Walitazamana, baba na Helen. Sijui baba aliona nini. Mama hakuwa amemweleza kitu, alikuja kumweleza baadaye. Lakini mtu aliyetoka jikoni akikimbia kwa sababu ya kengele humjua mwenzake. Baba aliiweka kengele mezani polepole, akailaza kwa ubavu.

"Keti, mwanangu," alisema.

Hakusema Memsahib, na neno hilo hakulitamka tena mpaka Helen alipoondoka Kabazi kurudi kwao.

Tuliketi wote, hata wadogo zangu, hata mama, ambaye hakuwa amewahi kula kwenye meza ile na alilalamika kwamba iko juu mno. Kulikuwa na mukimo wa viazi na mahindi, ambao Helen aliuponda mwenyewe na kuuacha na mabonge, na mchuzi wa yule jogoo aliyekuwa hana amani. Baba alionja mukimo, tukasubiri. "Chumvi ni sawa," alisema, na Helen akacheka mpaka akashika mbavu. Alikula sahani nzima akaongezwa.

Mimi nilikuwa kando ya baba, kwenye kigoda changu, mahali pangu. Nilikisubiri kipande changu. Mwishowe kilifika ukingoni mwa sahani, na baba akaanza kuitazama taa, ingawa ulikuwa mchana na taa haikuwashwa. Nikanyoosha mkono. Ndipo nikaona kipande kimekatwa katikati, na nusu yake imesukumwa upande wa pili, upande wa Helen. Nilinuna. Nawaambia ukweli, nilinuna mpaka Jumatatu. Sikujua kwamba nimeona mgeni akifanywa mtoto wa nyumba, na kwamba jambo hilo halikuhitaji neno lolote zaidi ya nusu kipande cha kuku.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile tulimwokoa baba kutoka kwenye aibu. Sivyo. Baba hakuwa akiona aibu. Alikuwa akimpa mgeni wake kitu bora kuliko vyote alivyojua kufanya, na kwa mara ya kwanza alikuwa akikifanya bila kuamriwa na mtu, nyumbani kwake, kwa kuku wake. Aibu ilikuwa yangu mimi, na ya mama, na ya Helen. Hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Na lipo lingine, ambalo nisingelielewa kamwe kama asingelisema mwenyewe.

Alipozeeka, miguu ikakataa, nilimleta kwangu, nikamwekea kengele kwenye meza ndogo kando ya kitanda ili atuite akitaka maji au uji. Hakuipiga. Aliita kwa sauti yake, na sauti ilipokwisha, alisubiri mpaka mtu apite. Mara kwa mara niliikuta mkononi mwake, kidole kikiwa ndani. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa, na kengele iko hapo hapo.

"Nilikuwa naisikia kila siku nikiwa jikoni," alisema. "Nikawa najiuliza inasikikaje ukiwa umeketi."

"Basi piga, baba."

Akatikisa kichwa, akaisukuma kengele mpaka ukingoni mwa meza, upande wangu, akageuka kuitazama taa.

"Nilipiga siku ile," alisema. "Ilinitosha."